Kicheko, ucheshi au jukwaa: utafiti wa aina gani unakufaa?

Mtu akiniambia anataka kuandika tasnifu kuhusu vichekesho, simuulizi atatumia nadharia gani. Namuuliza siku ya kwanza ya kazi atafungua nini kwenye kompyuta yake: sauti zilizorekodiwa, maandishi, au jedwali lenye majibu ya watu. Wengi hukwama hapo. Mada wanayo, hamu wanayo, wameshaonja kidogo habari za Freud, ila hawajui watakaa na kitu gani miezi yote inayokuja. Na kwenye taaluma hii, unachokaa nacho ndicho kinachoamua utakachokiona.

Kwa hiyo nalinganisha njia zinazotumika zaidi, kwa faida ya anayetaka kuchagua. Sizipi nafasi sawa. Mojawapo naipendelea waziwazi, na utaijua ukiifikia.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimetugawia kazi vizuri. Kicheko ni kitendo cha mwili: pumzi, sauti, uso. Ucheshi ni sifa, ya mtu au ya maneno, na unaweza kuwepo bila yeyote kutoa sauti. Vichekesho, au komedi, ni kazi yenye mtunzi, hadhira na mara nyingi kiingilio. Anayeanza huvitia vitatu hivi kwenye kapu moja, halafu anashangaa mbona msimamizi wake kila siku anamwambia "punguza mada."

Vinatengana kweli. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, walikuta vipindi vya kucheka na kulia vilivyochanganyika na wasiwasi. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wowote wa mwili. Kisa hiki hurudiwa mitandaoni kama hadithi ya kufurahisha, eti watu walicheka miezi. Ukiisoma ripoti hutacheka. Hapakuwa na kichekesho chochote. Palikuwa na watoto walioelemewa. Ni kicheko bila ucheshi. Mtu wa isimu hana la kukifanyia kisa hicho. Wa saikolojia ya jamii analo.

Kukihesabu kicheko, au kukisikiliza

Ukichagua kicheko chenyewe, una njia mbili kubwa, na ni hapa ambapo ulinganisho unanoga.

Ya kwanza ni ya Robert Provine, mwanasayansi wa Marekani. Alianza kwa kuwaita watu maabara na kuwaonyesha vipindi vya kuchekesha. Wakacheka kidogo mno. Mtu aliyeketi peke yake mbele ya skrini, akijua anatazamwa, kicheko humkauka. Provine akatoka nje. Yeye na wasaidizi wake walikaa mahali pa watu wengi, wakasikiliza mazungumzo ya wapita njia, wakaandika kila kicheko: nani alikuwa anasema, alisema nini kabla, nani alicheka. Walikusanya matukio 1,200.

Matokeo yake yalibadilisha taaluma. Maneno yaliyotangulia kicheko, kwa asilimia 80 na zaidi, hayakuwa na cha kuchekesha. Yalikuwa mambo kama "haya, tutaonana" au "una uhakika?" Anayezungumza alicheka kuliko anayesikiliza, kwa takriban asilimia 46 zaidi. Na kicheko hakikukata sentensi: kilikaa mwishoni mwa kirai, kama alama ya uandishi, na katika matukio yote 1,200 ni mara 8 tu kilipoingia katikati ya maneno.

Ya pili ni ya Gail Jefferson, naye wa Marekani, mmoja wa waasisi wa uchanganuzi wa mazungumzo. Yeye hakuhesabu. Alichukua mikanda ya simu na mazungumzo ya kawaida, akaisikiliza tena na tena, akaandika kila pumzi. Akaona jambo ambalo ukilisoma mara ya kwanza utadhani linampinga Provine moja kwa moja: kicheko kinaingia *ndani ya neno*. Watu hutamka huku wakicheka, na chembe za kicheko hukaa mahali maalumu. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1985 alionyesha kwamba mwandishi anayeandika tu "alisema huku akicheka" amepoteza data, kwa sababu kicheko katika mfano aliouchambua kilifunika neno la aibu tu, sentensi iliyobaki ikasemwa wazi. Msemaji alilisema na hakulisema. Msikilizaji ikabidi alipekue mwenyewe.

Nani mkweli? Wote wawili, na sababu ni ya kiufundi. Wasaidizi wa Provine walisikiliza mara moja, kwa masikio yao, bila mkanda, na walihesabu kicheko kamili, kile cha "ha-ha" kinachosikika hata kwa aliye mbali kidogo. Jefferson alikuwa na mkanda wa kurudisha nyuma, na kwake hata pumzi iliyotikisika ndani ya silabi moja ni kicheko. Kila mmoja alipata kile ambacho chombo chake kiliweza kukishika. Hilo ndilo ninalotaka mwanafunzi alitafakari kabla ya kujaza fomu yoyote ya pendekezo la utafiti.

Nionyeshe kwa karibu. Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote aliyewahi kunukuu mazungumzo, yaani kuyaandika kama yalivyosikika, ataujua. Herufi *h* ndani ya mabano ni chembe ya kicheko ndani ya neno. Nambari ni kimya, kwa sekunde.

A: basi nikaanguka mbele ya wa(h)tu wo(h)te
(0.3)
B: pole jamani. uliumia?

Na sasa huu:

A: basi nikaanguka mbele ya watu wote heh heh
B: heh heh heh ulivyo wewe!

Maneno ya A ni yaleyale. Kwa mwenye kuhesabu, mfano wa pili una vicheko viwili, cha msemaji na cha msikilizaji, na wa kwanza huenda usiwe na hata kimoja, maana hizo chembe mbili zingempita. Kwa mchanganuzi wa mazungumzo, mifano hii ni shughuli mbili tofauti. Katika wa pili, A amecheka mwishoni, amefungua mlango, na B ameingia. Jefferson alilieleza hilo mwaka 1979 kama mwaliko wa kucheka: unaweza kukubaliwa, au msikilizaji akaukataa kwa kuanza kusema jambo la maana. Katika wa kwanza, A anasimulia shida. Mwaka 1984 Jefferson alionyesha kwamba msimulia shida hucheka ili aonekane anaimudu, na msikilizaji mwema *hacheki*, huishughulikia shida. B angecheka hapo, A angeumia zaidi ya alivyoumia alipoanguka.

Ukitaka kulijua hilo kwa kuhesabu, hutalijua. Lakini ukitaka kujua kama watu hucheka zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, usinukuu hata dakika moja: Provine alitumia kumbukumbu ambazo watu waliandika wenyewe, akakuta kicheko ni mara 30 zaidi mbele ya wengine. Swali la "mara ngapi" linadai idadi, na la "kinafanya nini hapa" linadai mkanda.

Kuhusu gharama: kuhesabu kunahitaji subira na wasaidizi waliofundishwa namna moja, wasije wakatofautiana kuhusu kilicho kicheko. Kunukuu kunahitaji masikio na saa nyingi mno. Dakika yangu ya kwanza ya mazungumzo ilinila jioni nzima, na asubuhi nilipoisikiliza upya nikakuta nimekosea nani alianza kucheka. Kuna na suala la ridhaa. Kuketi mahali pa wazi na kutia alama kwenye daftari ni jambo moja; kurekodi sauti za watu ni jingine, na kamati ya maadili ya chuo chochote itakuuliza hayo kabla ya lolote. Faida ya kurekodi ni kwamba data hazimaliziki: mkanda wa saa moja unaweza kukulisha hadi uzamivu.

Kuna na njia ya tatu ndogo katikati ya hizi mbili, ya fonetiki, kwa wapenda mashine. Provine na mwenzake walipima kicheko cha kawaida wakakuta kila noti, yaani "ha" moja, ina urefu wa takriban milisekunde 75 na hurudi kila milisekunde 210. Mwaka 2001 Bachorowski na wenzake walichambua vicheko 1,024 vya watu 97, wakakuta mambo hayajapangika hivyo: vingi havikuwa na sauti ya koo kabisa, ni pumzi, mkoromo, mguno. Ukiwa na programu ya kuchora mawimbi ya sauti na rafiki anayejua takwimu, hapa pana kazi safi na ya bei nafuu.

Na kama unapenda swali kubwa, tazama walichofanya Greg Bryant na wenzake mwaka 2016. Walikata vipande vya sekunde moja hivi vya watu wawili wakicheka pamoja, wengine marafiki, wengine waliokutana siku hiyo, wakawachezea wasikilizaji 966 katika jamii 24 duniani. Swali lilikuwa moja: hawa ni marafiki au wageni? Kwa wastani watu walipatia kwa asilimia 61. Si nyingi, lakini kwa sekunde moja ya "ha-ha" katika lugha usiyoijua, mimi naona ni nyingi.

Hojaji na maabara

Hii ndiyo njia wanayoikimbilia wengi, kwa sababu inaonekana rahisi. Unachukua hojaji iliyokwisha kutengenezwa, unaisambaza, unapata namba.

Inayotawala ni ile ya Rod Martin na wenzake ya mwaka 2003, yenye sentensi 32 ambazo mtu hujipimia kutoka 1 hadi 7. Inagawa ucheshi katika mitindo minne: wa kuwaunganisha watu, wa kujitia moyo, wa kushambulia, na wa kujidhalilisha ili upendwe. Uzuri wake ni kwamba ilivunja ile dhana kwamba ucheshi wote ni dawa. Mtu anaweza kuwachekesha wote mezani huku akijichimba mwenyewe.

Udhaifu wake wa kwanza ni wa kila hojaji: mtu anajihukumu. Gordon Allport aliwahi kuripoti kwamba asilimia 94 ya watu walijiona wana ucheshi wa wastani au zaidi ya wastani. Sasa hao wachoshi tunaowafahamu wametoka wapi?

Udhaifu wa pili utakuuma ukitafsiri. Ndani ya mtindo wa kushambulia mna sentensi inayouliza kama mtu akikosea wewe humtania. Ukiandika "humtania," umebadilisha kipimo bila kujua, kwa sababu kutania kwa Kiswahili kunaweza kuwa dalili ya mapenzi, haki hata. Ukiandika "humdhihaki," umekwenda mbali upande wa pili. "Humcheka" nalo lina ukali wake. Nimeshaona tasnifu nzima zikisimama juu ya tafsiri ambayo hakuna aliyeijaribu kwa mtu hata mmoja kabla ya kuisambaza. Ukichagua hojaji, basi tafsiri iwe sura ya tasnifu yako, isiwe aya.

Majaribio ya maabara yana mvuto wake. Robin Dunbar na wenzake, katika makala ya 2012, waliwapima watu uvumilivu wa maumivu, kwa mfano kwa kuwavisha mkononi kile kifuko cha kupozea chupa ya mvinyo kikiwa kimeganda, kabla na baada ya kutazama video za kuchekesha. Waliocheka walivumilia zaidi. Walikwenda hadi kwenye tamasha la Edinburgh, wakawapima watazamaji kwa kuwaegemeza ukutani kana kwamba wameketi kwenye kiti kisichokuwepo. Maelezo yao yalikuwa endofini, kemikali za mwilini zinazotuliza maumivu, lakini hapo zilikisiwa tu, hazikupimwa. Mwaka 2017 kundi la Turku, Finland, lilitumia uchunguzi wa ubongo wa PET kuonyesha kwamba kucheka na marafiki kweli huachilia kemikali za jamii hiyo, lakini lilifanya hivyo kwa wanaume 12. Unaona mabadilishano yaliyopo: kifuko cha barafu kwa watu wengi, au mashine ya mamilioni kwa watu kumi na wawili.

Kabla hujaichagua maabara, soma habari za kalamu mdomoni. Mwaka 1988 Fritz Strack na wenzake waliwapa watu kalamu waishike kwa meno, uso ukawa kama unatabasamu bila wao kujua, wakaziona katuni zinachekesha zaidi kuliko walioishika kwa midomo. Likawa jaribio la vitabu vya kiada. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia kwa pamoja, na tofauti ile haikuonekana. Mjadala umeendelea tangu hapo, kwa hoja nzito pande zote. Nasema hivi ili ujue kwamba athari za ucheshi ni ndogo na dhaifu, kwa hiyo sampuli ya wanafunzi thelathini wa darasa lako haitathibitisha kitu. Hali ni hiyohiyo kwa "kicheko ni dawa": Martin mwenyewe alipopitia tafiti hizo mwaka 2001 alikuta ushahidi wa afya ya mwili ni hafifu na mbinu zina matobo.

Maandishi ya kichekesho chenyewe

Wa isimu na fasihi, hapa ndipo nyumbani kwenu. Huhitaji maabara, huhitaji ridhaa ya mtu, na data zimejaa tele.

Victor Raskin alileta mwaka 1985 wazo ambalo bado linatumika: kichekesho ni matini inayolingana, yote au sehemu, na skripti mbili zinazopingana. Skripti ni furushi la ujuzi tulio nao kuhusu jambo fulani: kwenda kwa daktari, kununua tiketi. Mwaka 1991 yeye na Salvatore Attardo wakapanua nadharia hiyo iwe na nyenzo sita: mgongano wa skripti, mantiki inayouunganisha, mazingira, mlengwa, umbo la usimulizi, na lugha.

Tuijaribu kwa kichekesho cha zamani kinachozunguka dunia nzima. Mgonjwa: "Daktari, kila nikinywa chai jicho linaniuma." Daktari: "Jaribu kutoa kijiko kikombeni." Skripti ya kwanza ni ugonjwa: daktari, dalili, maumivu. Ya pili ni uzembe. Zinagongana kwenye kijiko. Mlengwa ni mgonjwa. Badilisha chai iwe uji, badilisha daktari awe muuguzi, kitafsiri kwa lugha yoyote, bado ni kichekesho kilekile, kwa sababu umegusa nyenzo za chini tu.

Sasa huu. Mwalimu aliwaambia wanafunzi: "Kesho asubuhi tupande miti." Asubuhi akafika na miche, akakuta darasa zima liko juu ya matawi. Kitafsiri kwa lugha ambayo haina kitenzi kimoja cha kupanda mbegu na kupanda juu, nacho kimekufa, hakifufuki. Hapa nyenzo ya lugha imebeba jengo lote. Nadharia ya Attardo na Raskin inakupa namna ya kusema kwa nini, na hilo si dogo: ukikusanya vichekesho mia vya lugha yako na kuonyesha vingapi vinaishi baada ya tafsiri na vingapi vinakufa, na kwenye nyenzo ipi, una tasnifu ya umahiri iliyo nadhifu.

Upungufu wake? Nadharia ilizaliwa kwa vichekesho vifupi vyenye mwisho wa kushtua. Ipeleke kwenye mazungumzo ya kawaida, yale ambayo Provine alisema asilimia kubwa hayana kichekesho, nayo inabaki haina kazi. Tena haikuambii kama mtu yeyote alicheka. Peter McGraw na Caleb Warren, walioleta mwaka 2010 nadharia ya ukiukaji usio na madhara (jambo linachekesha pale linapokiuka kitu na papo hapo likaonekana si hatari), wana kitu cha ziada hapo: unaweza kuijaribu kwa watu. Hata hivyo "ukiukaji" ni neno pana kiasi kwamba ukitafuta utaupata popote, na nadharia isiyoweza kukosea naiogopa.

Neno kuhusu wanafalsafa, maana kila tasnifu huanza nao. Ile orodha ya nadharia tatu, ya kujiona bora (Hobbes na "fahari ya ghafla"), ya kutoafikiana kwa mambo (Hutcheson, Kant) na ya kutua mzigo wa ndani (Spencer, Freud), haishindani kama inavyoandikwa. Ya kwanza inazungumzia uhusiano wa watu, ya pili maudhui, ya tatu mwili. Mwanafunzi anayeandika "utafiti huu unatumia nadharia ya kutoafikiana" hajasema bado atafanya nini Jumatatu. Zisome, ziheshimu, zipe kurasa chache.

Jukwaa

Ukitaka komedi kama sanaa, unaingia upande wa tamthilia, filamu na masomo ya utamaduni. Uchambuzi wa hapa ni wa mtu mmoja na kazi chache: jinsi mchekeshaji anavyojijenga kuwa mhusika, anavyocheza na hadhira, nani anachekwa na nani amekaa salama. Kwa mwenye macho makali na kalamu nzuri, ni njia yenye uhuru mwingi. Kwa asiye nayo, huishia kuwa muhtasari wa video.

Ningependa watu wa jukwaa na wa isimu wasomane zaidi. Wachekeshaji wote hukuambia siri ni kupumua kabla ya neno la mwisho. Attardo na Lucy Pickering na wenzao walipima hilo kwa mashine, wakakuta wasimulizi hawaweki kimya kirefu zaidi wala sauti kubwa zaidi kwenye mwisho wa kichekesho. Ila waliopimwa walikuwa wasimulizi wa kawaida, si watu wa jukwaani. Yaani swali liko wazi, vipimo vipo, na rekodi za maonyesho zimejaa. Nashangaa halichukuliwi.

Anthropolojia naipitia haraka, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa haina njia ya mkato: ni kukaa na watu. Radcliffe-Brown alipoandika mwaka 1940 kuhusu uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa, pengine analazimika, kumtania mwenzake naye asikasirike, alihitaji aya nzima kueleza kile ambacho sisi tunakiita utani na kumaliza. Mwenye lugha yenye neno hilo ameshatangulia hatua. Kuhusu wanyama, Jaak Panksepp aliwatekenya panya akarekodi milio ya takriban kilohezi 50 ambayo sikio la binadamu halisikii, na Marina Davila Ross mwaka 2009 aliwalinganisha nyani wakubwa na watoto wa binadamu wakitekenywa. Ni kazi tamu kusoma. Kama huna maabara ya aina hiyo chuoni kwako, isome, halafu urudi kwenye mkanda wako.

Basi, uchague ipi

Una miezi michache na msimamizi wa isimu: chukua maandishi, vichekesho mia, nyenzo sita, maliza. Msimamizi wako ni wa saikolojia na anajua takwimu: hojaji inawezekana, ila tafsiri iwe kazi yenyewe na sampuli iwe kubwa. Una msimamizi wa sanaa: jukwaa, na uchague mchekeshaji mmoja, si "komedi ya kisasa." Huna msimamizi anayejua lolote kati ya haya, jambo la kawaida kuliko watu wanavyokiri: kuna jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa ucheshi, kuna jarida la *HUMOR* lililoanza 1988, na kuna *European Journal of Humour Research*, tangu 2013, ambalo husomwa bila malipo. Pitia matoleo matatu ya hilo la pili kabla hujaandika pendekezo. Utaona mwenyewe mada zipi zimechoka.

Na kama una muda, mimi nakuambia uchanganuzi wa mazungumzo. Nimekwisha kujitangaza, sijifichi. Ni njia pekee kati ya hizi ambayo kila nikiirudia data inaniambia jambo ambalo sikuwa nimelitafuta.

Lijaribu hili kabla hujaamua. Waombe ruhusa marafiki wawili, rekodi dakika kumi wakipiga soga, chagua dakika moja yenye kicheko. Nukuu kila kitu: pumzi, kimya, nani alianza kucheka, juu ya silabi gani, nani alifuata, nani hakufuata. Ukijikuta umerudisha sekunde nne zilezile mara ya kumi na tano, chai imepoa, na bado unataka kujua kwa nini yule wa pili alinyamaza, umepata mada yako. Ukichoka mara ya tatu, vichekesho mia vinakusubiri, na havina kelele.